Kabla Hujaandika Kwamba Gemu Haiongozeki

Ukianza kuhakiki gemu, kuna neno litakalokujia kila unapopigwa: "Haiongozeki." Nami nililiandika sana mwanzoni. Siku moja nilikuwa kibanda cha gemu kule Umoja, nalalamika kwamba mchezaji wangu anachelewa kutoa pasi. Mwenye kibanda hakunijibu. Alichukua rimoti, akaingia kwenye mipangilio ya televisheni, akawasha hali ya gemu, akarudi kuketi. Pasi zikaanza kutoka. Televisheni nyingi huipamba picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo hula muda; hali ya gemu huipunguza. Nilikuwa nimeshaandika aya mbili za kuiponda gemu ya watu.

Kwa hiyo anza na vyombo. Weka padi, yaani kile kifaa cha kuchezea unachoshika mikononi, mezani, uiachilie, utazame skrini. Mtu wa kwenye gemu akitembea mwenyewe, kijiti cha padi unachosukuma kwa kidole gumba kimelika. Padi ya mtumba uliyopata kwa bei ya kutupa ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Vyombo vikiwa sawa, jichunguze mazoea. Hapo hata wakongwe huteleza. Mwaka 2000 gemu ya kufyatua risasi, Alien Resurrection, ilitoka kwenye PlayStation, mashine ya gemu ya Sony: kijiti cha kushoto cha kutembea, cha kulia cha kutazama na kulenga. Mhakiki wa GameSpot, tovuti ya uhakiki wa gemu, aliuponda mpangilio huo, akaona ndio unaotisha kuliko kitu chochote ndani ya gemu. Leo shika padi ucheze karibu gemu yoyote ya kufyatua risasi, utaukuta uleule. Simcheki. Vidole vyake vilikuwa vigeni, na aliandika alichohisi. Ila ugeni wa mkono si kasoro ya gemu.

Kisha uliza mpangilio uliwekwa kwa ajili gani. Resident Evil, gemu ya zombi ya 1996, inasemwa mtu wake huendeshwa kama kifaru cha vita: ukibonyeza juu anakwenda mbele anakoelekea yeye, wala si juu ya skrini, kushoto na kulia humzungusha tu papo hapo. Inachosha, kweli. Lakini kamera zake zimesimama mahali pamoja, na picha hubadilika ghafla ukipita kona. Mwelekeo ungefuata kamera, ungekimbia zombi, picha igeuke, ujikute unamrudia. Tena padi ya kwanza ya PlayStation haikuwa na vijiti kabisa. Yajue hayo, halafu ukitaka kulalamika, lalamika.

Maana wako mashabiki watakaokujibu "utazoea" kwa kila kitu, nao usiwasikize sana. Kipimo changu ni hiki: je, aliyezoea naye anakosea? Katika gemu ya Red Dead Redemption 2 ya 2018, kwenye PlayStation, L2, kitufe cha nyuma ya padi upande wa kushoto, ndiyo ya kumkazia mtu macho ili umsalimie, na ukiwa na bunduki mkononi ndiyo ya kumlenga. Waliocheza saa nyingi bado hutaka kumsabahi mpita njia wakajikuta wamemtisha. Lawama ya namna hiyo iandike bila woga, na uiandike kwa vidole: nilibonyeza hiki, nikitarajia hili, likatokea lile. "Vidhibiti vibovu" peke yake haimsaidii anayefikiria kutoa pesa yake.

Siku hizi, kabla ya kutuma uhakiki wangu, narudi Umoja. Nampa padi kijana aliyeicheza gemu hiyo wiki nzima, nakaa pembeni yake, natazama vidole vyake badala ya skrini.