Kwa nini wa tatu wa Championnat National (ligi ya daraja la tatu Ufaransa) 2022/23 hakucheza mchujo

Kabla ya hapo, wa tatu alikuwa akicheza na timu ya 18 ya Ligue 2 (daraja la pili), nyumbani na ugenini, kuwania kupanda. Msimu ule mchujo uliondolewa kwa sababu Ligue 1, ligi kuu, ilikuwa inapunguzwa kutoka timu 20 hadi 18. Zikashuka nne kutoka Ligue 1, zikapanda mbili tu. Ligue 2 nayo ikabidi iteremshe nne na kupokea mbili, Concarneau na Dunkerque.

Usiangalie jedwali peke yake, lakini. DNCG, wakaguzi wa hesabu za klabu, waliishusha Sochaux kwa madeni ilhali uwanjani ilikuwa salama kabisa, na Annecy iliyoshuka ikabaki. Inauma sana kwa mashabiki. Concarneau nao, uwanja wao haukufikia viwango, wakahamia Guingamp.