Chungu cha umeme cha kupikia polepole: soma volti kwanza, na maharage usiyalaze mabichi

Dada, nimesoma swali lako. Umeletewa slo kuka, yaani chungu cha umeme cha kupikia polepole, na ndugu yako aliyeko Marekani, unataka kulaza maharage humo usiku ili asubuhi watoto wakiamka yawe tayari, na unaogopa kwamba LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, itaisha kabla ya mwezi. Kuna wadau waliokujibu wamekwambia uchomeke tu, ulale. Naomba usichomeke bado. Mimi chungu cha namna hii ninacho nyumbani, Tabata, Dar es Salaam, nakitumia kila wiki na nakipenda sana. Ningependa na wewe ukifaidi bila kuunguza nyumba wala kuwaumiza watoto tumbo.

Kigeuze kitako juu usome kibandiko. Kikiwa kimetengenezwa kwa soko la Marekani kitaandikwa volti 120, na umeme wetu Tanzania ni volti 230. Wengi hudhani tofauti hiyo itafanya tu chakula kiwahi kuiva. Kwenye kifaa cha kupasha joto, volti zikikaribia kuwa mara mbili, nguvu inakaribia kuwa mara nne. Chungu cha wati 200 kitavuta zaidi ya wati 700, waya wa ndani utaungua, na usiku kama huo hakuna mtu jikoni wa kunusa moshi. Fundi atakayekukatia plagi ya kimarekani na kukufungia ya pini tatu amebadilisha umbo la plagi tu, volti ziko palepale. Nunua transfoma ya kushushia umeme. Kwa kuwa chungu hiki hakivuti umeme mwingi, transfoma ya wati 500 inatosha kabisa kwa chungu cha wati 200 au 250, na usichukue iliyokaribiana mno na wati za chungu, maana itafanya kazi saa nane mfululizo. Aliyeletewa kutoka Uingereza au Dubai hana tatizo hili.

Upo pia upande wa pili, ambao watu hawausemi. Mitaa yetu mingi jioni umeme hushuka, taa zinafifia na friji inakoroma. Volti zikishuka mpaka 180, nguvu ya chungu inabaki kama asilimia 60 tu. Kwa jiko la kawaida ungegundua mara moja, lakini kwa chungu kinachotegemea joto dogo, chakula kinaweza kukaa vuguvugu saa nyingi, na hapo ndipo vijidudu vinapozaana: kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Kwa hiyo kabla ya kupika chochote, kijaribu kwa maji matupu. Jaza nusu, weka moto mdogo saa 8 bila kufunua, kisha funua na upime papo hapo kwa kipimajoto cha jikoni. Maji yawe yamefika nyuzi 85 au zaidi. Yakiwa chini ya hapo, tumia moto mkubwa kila mara au usikitumie kwa nyama.

Sasa maharage, na hapa naomba kila mwenye watoto asome polepole. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayoitwa fitohemaglutinini. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumfanya mtu atapike. Dalili huanza saa moja hadi tatu baada ya kula: kichefuchefu, kutapika sana, kisha kuhara. Sumu hii hufa kwa maji yanayotokota kwelikweli. Joto la chini yake haliiui. Maharage yaliyopashwa mpaka nyuzi 80 hivi tu yamepatikana kuwa na sumu hadi mara tano ya yale mabichi. Chungu cha polepole kinaweza kukaa kwenye joto hilohilo kwa saa nyingi. Maharage yatalainika, yatanukia, utayaonja na kuona yameiva, kumbe sumu bado imo.

Nifanyavyo mimi ni hivi. Nayaloweka usiku kucha, japo saa tano ndiyo kiwango cha chini. Namwaga maji yale, nasuuza, naweka maji mapya kwenye sufuria, nachemsha kwenye gesi yakitokota kwa nguvu dakika 30. Dakika 10 za kutokota zinaua sumu, lakini nusu saa inahakikisha kila punje imepata joto mpaka ndani. Ndipo nayahamishia kwenye chungu yakiwa bado ya moto. Nyanya, ndimu na ukwaju visiingie mpaka maharage yamelainika, maana uchachu unayafanya yabaki magumu. Kanuni ni hiyohiyo kwa makande. Dengu na choroko hazina shida kubwa kiasi hicho, ila mimi nazo nazichemsha kwanza.

Kuna mdau ameandika kwamba chungu hiki kilibuniwa kwa ajili ya maharage, kwa hiyo hofu haina msingi. Habari ya kubuniwa ni kweli. Irving Naxon wa Marekani alipata hataza (haki ya mvumbuzi) yake mwaka 1940, akiongozwa na simulizi za mama yake kuhusu cholent, chakula cha Wayahudi wa Lithuania cha maharage na nyama kilichokuwa kikiachwa kwenye tanuri tangu Ijumaa jioni mpaka Sabato. Kampuni ya Rival ilinunua biashara yake na kukiuza kwa jina la Crock-Pot kuanzia mwaka 1971. Ila si maharage yote yako sawa: meupe yana sumu hii kidogo kuliko mekundu, kama theluthi yake, na kifaa kubuniwa kwa kazi fulani hakubadilishi kilichomo ndani ya punje.

Tena nikuambie ukweli: kama shida yako kubwa ni maharage ya kila siku, presha kuka ya umeme inakufaa kuliko hiki. Inavuka nyuzi 100 kwa hiyo sumu inakufa humohumo, inamaliza kazi kwa muda mfupi, na inatumia chini ya uniti moja. Zile zenye vitufe vingi huwa zina pia kitufe cha kupika polepole. Ukikibonyeza hicho, masharti ya maharage yanarudi kama nilivyoeleza.

Kinachofanya nikitunze chungu changu ni nyama ngumu. Makongoro (miguu ya ng'ombe), mkia, kichwa cha mbuzi, kuku wa kienyeji aliyezeeka, vyote vimejaa ile kamba nyeupe isiyotafunika, na kamba hiyo hugeuka kuwa rojo kwa joto la wastani na muda mrefu. Makongoro nayachagua yaliyochomwa na kukwanguliwa vizuri, nayachemsha dakika chache kwenye gesi, namwaga maji yenye povu, naosha. Kisha yanaingia kwenye chungu na maji ya moto ya kufunika tu, tangawizi iliyopondwa, kitunguu saumu, kitunguu maji kizima na pilipili manga. Saa tatu usiku naweka moto mdogo. Alfajiri nyama inaachia mfupa yenyewe na supu ukiipoza inaganda. Chumvi na ndimu ni wakati wa kupakua.

Watu wa pwani na Zanzibar, mtakishukuru zaidi kwa boko boko. Ngano iliyopondwa ikilowekwa, ikawekwa na nyama isiyo na mfupa, mdalasini na iliki, hukaa usiku kucha bila mtu wa kusimama kuangalia kama imeshika chini. Asubuhi unaisonga kwa mwiko mpaka nyama ichambuke na kuvutika, unamwagia samli na vitunguu vilivyokaangwa. Mwezi wa Ramadhani inaweza kuwa tayari kwa daku.

Mambo madogo yanayoharibu ladha: maji hayapotei kama kwenye jiko la mkaa, kwa hiyo punguza mchuzi unaouzoea. Vitunguu na viungo havikaangiki humo, vikaange pembeni kwanza. Viazi na karoti huchelewa kuiva kuliko nyama, viweke chini kabisa. Tui zito la nazi likikaa saa nane linakatika; liingie nusu saa ya mwisho, pamoja na mchicha. Samaki naye ni wa mwishomwisho. Na usifunue kila ukipita! Kila kufunua kunakurudisha nyuma dakika 15 hadi 30.

Nyama ya kwenye friza iyeyuke kabisa kwanza, tena iyeyukie ndani ya friji. Jaza chungu kati ya nusu na theluthi mbili. Kiporo usikipashe humo, kinachelewa mno kupata moto; pasha kwenye jiko mpaka kichemke, kisha ukitaka ukiweke humo kwa kutunza joto. Umeme ukikatika ukiwa macho, hamishia chakula kwenye gesi mara moja. Ukiamka ukakuta umekatika na hujui tangu saa ngapi, mwaga, hata kama kinaonekana kimeiva na roho inauma. Kukichemsha upya hakuondoi sumu ambazo baadhi ya bakteria huwa wamekwisha kuziacha. Na kabla ya kulala angalia mita ina uniti za kutosha, maana uniti zikiisha saa nane usiku ni sawa na kukatika.

Kuhusu gharama: chungu cha wati 200 kwa saa 8 kinakula uniti 1.6 kwa hesabu ya juu. Kwa mteja wa kawaida uniti ni kama shilingi 356 pamoja na kodi, yaani shilingi 570 hivi kwa sufuria nzima ya supu. Kama uko kwenye ule mpango wa watumiaji wadogo wa chini ya uniti 75 kwa mwezi, kuwa makini. Kukiwasha kila siku ni uniti 48 kwa mwezi, na zinazozidi 75 zinauzwa bei ya juu zaidi. Mimi nakiwasha kwa vyakula vinavyostahili muda mrefu, si kwa kila mlo.

Utunzaji hauna mambo mengi. Bakuli la ndani ni la udongo wa kuchomwa na linaogopa joto la ghafla. Likiwa la moto usilitie maji baridi wala kuliweka juu ya vigae vyenye maji, na likitoka kwenye friji usilirudishe likiwa baridi ndani ya kitako kilichokwisha kuwashwa. Mfuniko wa kioo nao vivyo hivyo. Acha lipoe, tia maji ya vuguvugu na sabuni, liache lilowane, kisha sugua kwa sponji laini, si steelwire. Ukungu mweupe wa chumvichumvi za maji ya kisima unatoka kwa siki na maji ya moto. Kitako chenye waya hakioshwi kwa maji hata siku moja. Kichomoe, kipoe, kifute kwa kitambaa chenye unyevu. Mchuzi ukimwagikia ndani yake, ukaushe kabla hujawasha tena, la sivyo unaungua na kuvuta mende.

Kikiwa kinafanya kazi kiweke mbali na ukuta na mapazia, juu ya meza ya mawe au vigae, na plagi iingie kwenye soketi ya ukutani badala ya ekstensheni nyembamba. Bakuli likipata ufa, usilitumie tena, na usijaribu kuweka sufuria ya alumini mahali pake wala kumimina chakula moja kwa moja kwenye kitako. Bakuli la akiba ni gumu kupatikana madukani kwetu, kwa hiyo kama ndugu yako bado hajafunga mzigo unaofuata, mtumie namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko akutafutie moja huko huko.