Kwa nini mandhari ya 3D inayumba unaposogeza kichwa

Muulizaji anasema kwamba programu yake inasoma vizuri mahali kichwa kilipo na kusogeza kamera ya ndani ya mandhari, lakini vitu vinayumba kwenye skrini badala ya kutulia kana kwamba viko ng'ambo ya dirisha. Nimejenga mfumo wa aina hii kwa kamera ya kawaida ya laptopu, na kwa maelezo hayo kasoro haimo katika kusoma kichwa, bali katika umbo la piramidi ya mtazamo, yaani piramidi ya kufikirika yenye ncha kwenye jicho na kitako kwenye skrini, inayoamua kipi kichorwe na wapi.

Kwa kawaida piramidi hiyo hutengenezwa ikiwa sawa pande zote, kwa kudhani kwamba jicho liko mbele ya katikati ya skrini. Jicho likihama, ncha ya piramidi lazima ilifuate, ilhali kitako kinabaki kimeshikwa na pembe nne za skrini. Tuseme skrini ina upana wa sentimita 52, nawe umekaa sentimita 60 kutoka hapo, kisha ukasogea sentimita 10 kulia. Ukingo wa kushoto sasa uko sentimita 36 kutoka usawa wa jicho lako, na wa kulia 16 tu. Ikiwa bapa la karibu, yaani pale uchoraji unapoanzia, liko sentimita 6 kutoka kwenye jicho (sehemu ya kumi ya 60), basi glFrustum, amri ya OpenGL inayotengeneza piramidi hiyo, ipewe -3.6 kwa kushoto na 1.6 kwa kulia, kisha mandhari yote isogezwe kinyume cha jicho. Kamera ya ndani ya mandhari usiizungushe hata kidogo: lazima iendelee kutazama mbele, kwa pembe mraba na skrini, hata kama kichwa chako kimegeuka.

Ili kuhakiki, chora mistari ya miraba kwenye kina kilekile cha skrini. Sogeza kichwa upendavyo. Mistari hiyo isicheze kabisa. Ikicheza, hesabu bado ina kasoro.

Mtetemo mdogo utakaobaki hutoka kwenye kamera inayosoma kichwa, hasa katika kukisia umbali kwa nafasi iliyo kati ya macho. Uchuje kwa kiasi, kwa sababu ukizidisha, picha itachelewa nyuma ya kichwa, na kwa maoni yangu kuchelewa huko kunaudhi kuliko mtetemo wenyewe.

Usitarajie pia kuona yale uliyoyaona kwenye video ya mwaka 2007 ya mtafiti Johnny Lee, aliyeonyesha mbinu hii kwa kutumia rimoti ya Wii, mashine ya michezo ya Nintendo. Video hupigwa kwa lenzi moja, ilhali macho yako mawili yanapokea picha ileile na hivyo kung'amua kwamba skrini ni bapa. Fumba moja, na kina kitaongezeka papo hapo.