Maswali ya Wasomaji: Karatasi ya Dawa Ikihamia Kwenye Kompyuta

*Ndugu mhariri, hospitali yetu hapa Malindi inataka kuacha karatasi za dawa, madaktari waandike kwenye kompyuta. Tunaletewa karatasi za tramadoli (dawa kali ya maumivu) zilizoongezwa sifuri kwenye idadi, na nyingine zilizokwisha tumika. Mtindo huu utakoma?*
Mhudumu wa famasi, Malindi

Sifuri itakoma, maana mgonjwa hashiki tena karatasi. Daktari huchagua dawa, nguvu, mara ngapi na siku ngapi. Hesabu ipigwe na kompyuta. Tramadoli ya miligramu 50, moja mara tatu kwa siku 5, ni kapsuli 15. Zikishatolewa, agizo lifungwe papo hapo. Stoo ikiwa na 6 tu, zile 9 zibaki kwenye agizo lilelile. Programu isiyoweza hilo msiinunue: itawalazimu kuandika agizo jipya, na mwanya utakuwa umerudi.

Wizi unaotutia hofu zaidi ni wa ndani. Daktari akiacha kompyuta wazi wodini, au neno la siri likibandikwa ukutani, yeyote ataandika morfini kwa jina lake, na agizo hilo litaonekana halali kabisa. Kila mtu awe na akaunti yake, skrini ijifunge baada ya dakika chache, na dawa zinazoweza kulevya, kama morfini, zidai uthibitisho wa pili, kama namba inayotokea kwenye kifaa cha daktari mwenyewe. Marekani iliporuhusu dawa hizo ziandikwe kielektroniki mwaka 2010, hilo lilikuwa sharti. Anayeacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo.

Maonyo msiyawashe yote. Yakijitokeza kila mara, daktari huzoea kuyapita bila kuyasoma. Bakisheni ya mzio, ya kipimo kilichozidi (tramadoli, mtu mzima, miligramu 400 kwa siku) na ya morfini kuandikwa pamoja na diazepamu (dawa ya kutuliza wasiwasi), kwani zote mbili hudhoofisha pumzi.

Stima ikipotea, tumieni kitabu chenye karatasi za namba mfululizo, kilichofungiwa kwa mfamasia. Na kompyuta haioni kabati: kila zamu, watu wawili wahesabu dawa hizo kwa mkono.

*Mgonjwa akichukua diazepamu kwetu kisha akaenda hospitali nyingine, wenzetu watajua?*
Muuguzi, Lamu

Hawatajua, ikiwa programu hazijaunganishwa. New York ina rejista ya pamoja ya dawa za namna hii ambayo tangu 2013 mwandikaji hulazimika kuiangalia kwanza. Nyinyi pigeni simu alikotibiwa mwisho, jibu liandikwe kwenye faili, na mkiwa na shaka toeni dawa ya siku chache tu. Ila anayeitumia kila siku kwa muda mrefu msimkatie ghafla. Anaweza kupata degedege.