Chama cha vijana wa Kibangladeshi London: anza na kalenda, ukumbi baadaye

Tower Hamlets, mashariki mwa London, ndiko waliko Wabangladeshi wengi kuliko wilaya nyingine yoyote ya Uingereza. Sensa ya 2021 iliwahesabu 107,333, zaidi ya theluthi moja ya wakazi. Ndani ya wilaya hiyohiyo kuna Canary Wharf na maghorofa yake ya mabenki. Kijana wa Whitechapel, mtaa wa wilaya hiyo, anayaona maghorofa hayo tangu utotoni, lakini mara nyingi hana ndugu aliyewahi kufanya kazi humo wa kumwambia kwamba maombi ya nafasi za kazi hufunguliwa Septemba. Wazee wengi walitoka Sylhet, kaskazini mashariki mwa Bangladesh, wakaishia viwandani na kwenye migahawa ya kari. Kazi ya chama cha wataalamu vijana ni kufikisha taarifa hiyo kwa wakati. Picha za suti na kadi za biashara zinaweza kusubiri.

Kabla ya kutafuta ukumbi, basi, tengenezeni kalenda ya maombi. Mabenki makubwa na kampuni nyingi za ushauri na ukaguzi wa hesabu hufungua maombi ya mafunzo ya kazi ya kiangazi (internship) kati ya Agosti na Oktoba, karibu mwaka mzima kabla ya mafunzo yenyewe. Nyingi husoma maombi kadiri yanavyoingia, kwa hiyo nafasi zikijaa mapema, tarehe ya mwisho iliyotangazwa haimsaidii mtu. Zipo pia wiki za utangulizi kwenye kampuni hizo, zinazofanyika karibu na Pasaka kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na hizi ndizo zinazowapita wengi. Mwanafunzi anaingia chuo mwishoni mwa Septemba, hajajua hata maktaba iko wapi, na madirisha mengi ya maombi ya wiki hizo yanafungwa kabla ya Krismasi. Hasara yake ni kubwa, kwa sababu anayefanya vizuri wiki ile mara nyingi husogezwa moja kwa moja kwenye usaili wa mafunzo ya kiangazi, na mafunzo ya kiangazi ndiyo mlango mkuu wa ajira. Kampuni za mawakili zina msimu wake. Maombi ya mafunzo ya likizo hufungwa zaidi Desemba na Januari. Fast Stream, mpango wa utumishi wa umma wa Uingereza wa kuajiri wahitimu, kwa kawaida hufunguliwa Oktoba.

Kikao cha kwanza cha mwaka kifanyike basi mwishoni mwa Agosti, mara tu baada ya matokeo ya A-level, vijana wakiwa bado nyumbani. Septemba na Oktoba ziwe za kazi ya mikono: kusahihisha wasifu, kujibu maswali ya fomu, kufanya usaili wa majaribio. Chama kinachofanya hafla yake kubwa ya ajira Machi kinawaalika watu kwenye shamba lililokwishavunwa. Machi fanyeni mambo mengine, futari kwa mfano miaka ambayo Ramadhani inaangukia hapo.

Sasa jioni yenyewe. Adui mkubwa ni meza kuu. Hafla nyingi za jamii hii zina mgeni rasmi, kisha mgeni maalumu, kisha wazee watano ambao kila mmoja lazima aseme "maneno mawili". Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaijua itifaki hiyo bila kuelezwa. Mpaka hotuba ziishe ni saa 3 usiku na wasichana wanaoishi na wazazi wameshaondoka. Mpeni msemaji mmoja dakika 10, basi. Muda uliobaki ugawanywe kwa meza. Kwa vijana 30 wanaotafuta na watu 10 walio kazini, wekeni meza 10, mtu mmoja wa kazini na vijana watatu kila meza, kisha vijana wahame kila baada ya dakika 15 kwa mizunguko mitatu. Kila kijana anaondoka amezungumza na watu watatu, hata yule mwenye haya. Mkiwaacha watu wasimame na glasi zao "wafahamiane", waliosoma pamoja watazungumza wao kwa wao, na aliyekuja peke yake atakodolea simu macho hadi aondoke.

Milango ifunguliwe saa 12:30 jioni, meza zianze saa 1, mfunge saa 3 kasoro robo. Mahali pawe karibu na stesheni: Whitechapel panafaa sana tangu laini ya Elizabeth ifunguliwe Mei 2022, maana anayetoka kazini Canary Wharf au Liverpool Street anafika kwa dakika chache. Ofisi ya mwajiri ni bora zaidi, kwani ni ya bure na kijana anapata kuzoea kupita pale mapokezi. Ila walinzi huhitaji orodha ya majina mapema, na jina la kwenye kitambulisho mara nyingi silo analotumia mtu kila siku. Ombeni yote mawili kwenye fomu. Tozeni pauni 5 hata kama fedha haihitajiki, kwa sababu tiketi ya bure hujaza orodha bila kujaza ukumbi.

Angalieni saa za swala. Desemba Magharibi huingia karibu na saa 10 alasiri na Juni baada ya saa 3 usiku, kwa hiyo haigusi ratiba. Shida ni Septemba na sehemu kubwa ya Oktoba, msimu wenu hasa, inapoangukia kati ya saa 12 kasoro jioni na saa 2 kasoro usiku, na wakati wake ni mfupi. Tengeni dakika 15, chumba, na mahali pa kutilia udhu. Chakula kiwe halali, bila pombe, na kisiwe cha nyama ya ng'ombe pekee, maana wapo Wabangladeshi Wahindu pia.

Kuunganisha washauri na vijana kuna kosa moja linalorudiwa kila mahali: kutafuta vigogo. Mkurugenzi hana muda, na fomu aliyojaza yeye miaka ishirini iliyopita haifanani na mitihani ya mtandaoni ya leo. Mtu aliyeajiriwa miaka miwili hadi minne iliyopita ndiye anayefaa. Vikao sita kwa miezi sita vinatosha, cha kwanza kikifanyika ndani ya wiki mbili, la sivyo hakitafanyika kabisa. Fomu imwulize kijana anataka msaada gani hasa; "nataka ushauri wa maisha" haimwezeshi mtu kumpangia mshauri.

Msimwage kila mtu kwenye kundi moja la WhatsApp. Namba za wasichana zitaonekana na wote, na ujumbe wa saa 5 usiku utaanza. Tumieni njia ya matangazo tu, na mtu akubali kwa maandishi kabla hamjampa mwingine namba yake. Sheria ya Uingereza ya ulinzi wa taarifa binafsi inawahusu hata ninyi wa kujitolea.

Usajili hauna haja ya kuharakishwa. Katiba fupi, viongozi watatu na akaunti ya benki yenye idhini ya watu wawili vinatosha kuanzia. Katika England na Wales, shirika la hisani lisajiliwe Charity Commission, msimamizi wa mashirika hayo, mapato yakizidi pauni 5,000 kwa mwaka, lakini klabu inayowanufaisha wanachama wake tu haihesabiwi kuwa ya hisani. Malengo yataje elimu au kuwasaidia wasio na kazi. Sheria ya Usawa ya 2010 inaruhusu chama kuwa cha watu wenye asili fulani, mradi kigezo kisiwe rangi ya ngozi. Hata hivyo, kuwafungulia wengine mlango kunarahisisha kuomba ukumbi kwa waajiri.

Katiba ipige marufuku siasa za vyama, na za Dhaka zitajwe waziwazi. Awami League na BNP (Bangladesh Nationalist Party), vyama vikubwa vya Bangladesh, vina wafuasi wengi London, na picha moja ya mwenyekiti na kiongozi wa tawi inaweza kuondoa nusu ya wanachama.

Uongozi ubadilike kila miaka miwili, Mei au Juni, ili wapya wapate miezi kabla ya Septemba. Makabidhiano yawe na orodha: nywila, barua pepe ya chama isiyo ya mtu binafsi, majina ya walio na idhini ya akaunti, na anwani za waajiri waliowahi kutoa ukumbi.