Kabla Hujashika Mkasi: Kwa Wadogo Zangu wa Mwaka wa Kwanza

Wiki hii nimesimama nyuma ya meza zenu siku tatu, na siku zote tatu nimekuta mende amelazwa chali na mkasi umeshazama katikati ya tumbo. Nawapenda, wadogo zangu, na najua mna haraka ya kuona kilichomo ndani. Lakini kila nikiona hivyo moyo unanienda mbio, na leo nitawaambia kwa nini.

1. Soma ramani ya mwili kwanza, viungo baadaye. Je, mnyama ana kushoto na kulia? Njia yake ya chakula ina tundu moja au mawili? Yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini, analo moja tu. Chakula huingilia hapo na mabaki hutokea hapo hapo. Kiti cha pweza aliyekomaa, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, ana sehemu tano zinazouzunguka mdomo, lakini lava wake, yaani mtoto ambaye hajakomaa, ana kushoto na kulia kama wewe. Ndiyo maana hatumweki kundi moja na yavuyavu, hata umbo likushawishi vipi.

2. Kama unatafuta neva za mende, mlaze kifudifudi.

Nilikuwa mwaka wa pili. Mtihani wa vitendo tuliufanya wawili wawili, mende mmoja, alama za pamoja: onyesheni mfumo wa neva. Nilikuwa nimepasua vyura mpaka mikono ikazoea yenyewe: chali, pini nne, mkasi katikati. Mwenzangu alikuwa ameshamlaza mende mgongo juu, sawasawa kabisa. Nikamwambia, "Mgeuze. Tunafungua tumbo, tunatoa utumbo, neva tutazikuta chini kwenye mgongo." Alisita. Nikarudia kwa sauti ya mtu anayejua. Akamgeuza.

Nilikata katikati, nikasogeza utumbo, na chini kabisa nikaona mrija mwembamba unaopitisha mwanga. Nikauandika "ugwe wa neva". Kando yake kulikuwa na nyuzi zinazong'aa kama fedha, zenye matawi. Nikaziita "neva za pembeni". Msimamizi akainama na lenzi, akakaa kimya muda mrefu. Kisha kwa ncha ya sindano akainua kipande cha uzi mweupe wenye vifundo kilichokuwa kimenasa kwenye mkasi wangu. "Neva ni hizi," akasema. "Mmezikata." Ule mrija ulikuwa moyo. Zile nyuzi za fedha zilikuwa mirija ya hewa, nayo hung'aa kwa sababu imejaa hewa.

Mwenzangu hakusema kwamba yeye alimlaza sawa. Nami sikusema. Tulirudia mtihani wote wawili, na ulipita mwezi mzima kabla sijapata ujasiri wa kumwomba radhi. Alama nilizifidia. Ule ukimya wangu mbele ya msimamizi bado unaniuma.

Basi shikeni hili: kwa mende, buibui na nyungunyungu, ugwe wa neva hupita upande wa tumbo, na moyo au mshipa mkuu wa damu hupita mgongoni. Kwetu sisi wenye uti wa mgongo ni kinyume. Mwaka 1822 Mfaransa Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, akimchunguza kambakoche, alisema ni kama mwili wetu uliogeuzwa juu chini, na wengi hawakumkubali. Lakini katika miaka ya 1990 watafiti wa jeni waligundua kwamba jeni inayoweka alama ya upande wa tumbo kwa chura ni ndugu wa ile inayoweka alama ya mgongo kwa nzi wa matunda, na wazo lake likapata nguvu.

3. Mimina maji kwenye trei mpaka yamfunike mnyama. Viungo vitaelea na kuachana vyenyewe.

4. Damu nyekundu kwa mende hutaiona. Jana mmoja wenu aliniuliza kwa huruma kama mende wake alikauka kabla ya kufika mezani. Hapana, mdogo wangu, yuko sawa. Hewa inaingia kwa jozi 10 za vitundu vya ubavuni, na mirija inaifikisha hadi kwenye tishu, kwa hiyo damu haina haja ya kubeba oksijeni. Nyungunyungu ndiye mwenye hemoglobini, ile kemikali yenye chuma inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu. Pweza naye ana mioyo mitatu na damu ya buluu, kwa sababu kinachobeba oksijeni yake kina shaba badala ya chuma.

5. Chora kwa penseli.

Na mchoro wa kwanza uwe kabla ya pini ya kwanza: duara moja, mgongo juu, tumbo chini. Weka nukta tatu, za neva, utumbo na moyo, kila moja mahali pake kwa mnyama huyo uliyenaye. Utumbo utakaa kati kwa chura na kwa mende. Hizo mbili nyingine ndizo zitakazokuambia umlaze vipi. Kesho nitapita meza kwa meza kuangalia maduara, na asiye nalo simpi mkasi.