Mwanangu, uliza ufunguo wa depo uko kwa nani

Mwanangu,

Bwana asifiwe. Huku Goma tuko wazima, na mguu wa baba yako unaendelea kupona.

Umeniuliza kama ninyi vijana wa ibada ya Kifaransa mtoke pale parokiani, mwende kusali nyumbani kwa rafiki yako kule Katuba, hapo hapo Lubumbashi, bila jengo, bila baraza la wazee, bila ugomvi wa sadaka, kama Wakristo wa kwanza. Kurasa mbili nzima umezimaliza juu ya baraza lenu na mchungaji wenu. Lakini chini kabisa, karibu na salamu, umeandika kwamba wamama wazee wa ibada ya Kiswahili hawakupata unga na mafuta ya Noeli kwa sababu orodha ilikuwa imefungwa. Hukuongeza neno. Mimi, mstari huo ndio ulioninyima usingizi.

Nitakujibu, ila acha nianze na hao wamama.

Fungua Matendo ya Mitume, sura ya 6. Rafiki zako najua wanapenda sura ya 2 na ya 4, pale waumini walipouza mashamba na kuwa na vitu vyote shirika. Ni sura nzuri, nami nazipenda. Lakini ya 6 wanairuka. Katika kanisa lile lile la Yerusalemu, mitume wakiwa hai, watu waliokula na Bwana kwa mikono yao, yalitokea manung'uniko: wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye chakula cha kila siku, na wajane wa Waebrania wanapata. Lugha mbili, depo moja, yaani ghala moja. Si ndiyo habari yenu?

Sasa angalia mitume walifanya nini. Hawakumwambia mtu kwamba ana roho ya uasi. Waliita mkutano wa wanafunzi wote, wakasema chagueni watu saba wenye sifa njema, na Luka akayaandika majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Mtu anaweza kubisha, maana hata kati ya wale Thenashara, Andrea na Filipo walikuwa na majina ya namna hiyo. Haya, abishe. Lakini saba kwa saba? Na Nikolao hata hakuzaliwa Myahudi, alikuwa mwongofu wa Antiokia. Mimi nasoma kwamba upande ulionyimwa ndio uliopewa ufunguo. Ndiyo maana tangu mkiwa wadogo nawaambia: ukitaka kulijua kanisa, uliza ufunguo wa depo uko kwa nani.

Neno hilo unajua nililitoa wapi, ingawa wewe ulikuwa bado mgongoni mwangu. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipopasuka, moto ukashuka mpaka katikati ya mji, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaangamia, nasi tukakimbilia Gisenyi pamoja na maelfu ya watu. Tuliporudi mawe yalikuwa bado na joto, unalisikia kupitia kandambili. Habari ya nyumba ya Birere unaijua, sitairudia.

Parokia yetu haikuguswa. Yakaja maharagwe, mablanketi na sabuni, yakafungiwa kwenye chumba cha kwaya. Mzee mmoja wa kanisa akakaa mlangoni na daftari, akawa anasoma majina ya wenye kadi ya ushirika ambao michango yao imekamilika. Nyanya yako alikuwa ametoka Masisi tangu vita vya mwaka 1993. Miaka yote hiyo alisali pale, alifagia pale, lakini ubatizo wake uliandikwa kijijini na kitabu cha kule kiliteketea na kanisa lake. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Alipanga foleni tangu asubuhi na beseni lake la bluu, lile lenye kutu ukingoni. Alipofika mlangoni, mzee akapitisha kidole kwenye ukurasa kutoka juu mpaka chini, taratibu, akasema: "Mama, jina lako halipo. Simama kando."

Akasimama kando. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, kwamba alitii. Nilimkuta jioni, mlango umeshafungwa, amesimama na wajane wengine wa Masisi na wa Kalehe, kila mmoja na chombo chake mkononi, hakuna anayelalamika.

Labda namwonea mzee yule. Magunia yalikuwa machache na watu wengi, nyumba yake mwenyewe ilikuwa chini ya mawe, na ukigawa bila orodha utaibiwa mchana kweupe. Nimejiambia hayo mara nyingi. Kisha nakiona tena kile kidole. Hapana, mwanangu. Orodha ile haikuwa ya wenye njaa, ilikuwa ya wanaolipa.

Mchungaji wetu wa wakati ule, Mungu amlaze pema, aliposikia hakutoa hubiri. Aliwaita wale waliosimama kando akawapa ufunguo na daftari jipya, nyanya yako na wenzake wawili, na kati yao aliyejua kuandika ni mmoja. Wakawa wanapima kwa kopo la maziwa ya unga, wanasawazisha juu kwa kiganja, na wanaoitwa kwanza ni wale wasiojulikana na mtu. Mzee wa daftari naye akaja kupanga foleni. Nyanya yako akamjazia kopo lake mpaka juu, hakupunguza hata punje, akamuuliza hali ya watoto. Ungeuona uso wa nyanya yako siku zile! Ufunguo aliufunga kwenye ncha ya kikwembe, na usiku alilala nao.

Msaada ulipoisha na sadaka ikaanza kurudi, baraza likakutana, ufunguo ukarudi kwa wazee. Hakuna aliyeeleza sababu. Nyanya yako alifungua lile fundo la kikwembe, akaukabidhi, akaendelea kusali pale pale mpaka tulipomzika. Mimi nilitaka tutoke. Baba yako ni shahidi, tulibishana wiki nzima.

Sasa hiyo habari ya kusali nyumbani. Rafiki zako wanadhani jengo ndilo linaloharibu watu. Korintho hawakuwa na jengo. Walikutana majumbani, na Gayo ndiye aliyempokea Paulo na kanisa lote. Na mle mle nyumbani, kwenye meza ya Bwana, wenye nacho walitangulia kula chakula chao, hata Paulo akawaandikia kwamba huyu ana njaa na huyu amelewa. Hiyo ni miaka ya 50 baada ya Kristo, hata kizazi kimoja hakijapita. Kwa hiyo sebule ya Katuba nayo nina swali nayo: viti vikijaa, anayekaa sakafuni atakuwa nani? Yakobo aliliona hilo, mwenye pete ya dhahabu anapewa mahali pazuri, na maskini anaambiwa keti chini ya miguu yangu.

Na huyo nabii mnayetaka kumwalika, anayeomba "mbegu" ya dola kabla hajafungua Biblia? Wakristo wa zamani walikuwa na kitabu kidogo cha mafundisho kinachoitwa Didake. Kinasema mtume mgeni apokewe kama Bwana, akae siku moja, na ikibidi mbili. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka achukue mkate wa njiani tu, na akiomba pesa ni nabii wa uongo. Msomeeni kabla hajafika, aamue mwenyewe kama bado anakuja.

Lakini wazee wenu nao siwatetei, usinielewe vibaya. Unasema mkiuliza hesabu wanawasomea Anania na mkewe Safira, walioanguka wakafa mbele ya Petro. Wasome vizuri! Petro alimwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake kabla ya kuliuza, na hata baada ya kuliuza pesa zilikuwa katika uwezo wake. Kosa lake ni kudanganya. Hakuna aliyeanguka pale kwa kuuliza hesabu. Paulo mwenyewe alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakutaka kuubeba peke yake, makanisa yalichagua ndugu wa kusafiri nao, naye akaandika wazi kwamba anajilinda asije mtu akamlaumu kwa ajili ya karama ile. Mtume Paulo! Mzee wa baraza ni nani basi asiulizwe?

Tena soma Tertullian, yule mwandishi Mkristo wa Karthago, Afrika Kaskazini, aliyeandika mwaka 197 hivi kuwatetea Wakristo. Anaeleza sanduku lao linafanya kazi gani: kulisha maskini na kuwazika, kuwatunza yatima na wazee wasiotoka tena nyumbani, na kuwasaidia waliofungwa migodini kwa ajili ya imani. Wewe uko Lubumbashi, neno migodi halihitaji maelezo. Wengi wa wamama hao mliowafungia orodha ni wajane wa watu waliomaliza mapafu yao chini ya ardhi.

Wala usidhani ni jambo la mahali penye pesa tu. Huku kwetu, benki zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, watu wakawa wanaleta viazi na makaa kuwa sadaka, na hata viazi vilihitaji mtu wa kuvigawa. Nikauliza ufunguo uko kwa nani. Walicheka, wakasema mama huyu na ufunguo wake. Lakini walinijibu.

Haya, swali lako. Wale Wayahudi wa Kiyunani hawakutoka kwenda kuanzisha kanisa lao. Walinung'unika, tena kwa sauti, wakiwa ndani, na baadaye neno la Mungu likazidi kuenea. Ningeweza kuishia hapo nikakuambia ubaki. Ila walisikilizwa upesi, na kama wasingesikilizwa wangefanya nini, Luka hakuandika. Nyanya yako hakusikilizwa mara ya pili, na alibaki. Siku nyingine naona kwamba alikuwa na imani kunipita mara mia. Siku nyingine naona kwamba kubaki kwake kuliwapa wale wazee usingizi mzuri. Mawazo hayo mawili yanakaa ndani yangu na hayapatani.

Jibu ninalo, lakini baba yako amenikataza kuliandika. Anasema mtu mzima na watoto wawili haamuliwi kanisa na mama yake. Basi fanya hivi kwanza. Jumapili nenda kwenye ibada ya Kiswahili ya saa moja, ukae nyuma na hao wamama, uwaulize Noeli walikula nini na ni nani aliyefunga orodha. Halafu mwombe mchungaji, mbele yao, si ofisini, kwamba mmoja wao apewe ufunguo wa depo. Kabla ya hapo usiandike barua yoyote ya kutoka. Akikubali, niandikie. Akikataa, nipigie simu siku hiyo hiyo, nitakuambia kwa mdomo.

Mama yako